Mtoto Mmoja, Mtu Mzima Mmoja

Mbeleko ilikuwa chini kabisa ya sanduku la bati la Bibi, chini ya kanga ambazo hakuwahi kuzivaa. Nilipoikunjua ilitoa harufu ya kafuri na ya maziwa yaliyochacha. Najua maziwa hayawezi kunuka miaka yote hiyo. Lakini sisi tuliokua tukibeba wadogo zetu mgongoni tunaijua harufu ile, na pua ikishaijua haiulizi miaka. Kwenye pembe moja ya mbeleko palikuwa na fundo dogo, gumu kama korosho bichi. Nilijua kilichokuwamo kabla sijaligusa, kwa sababu nililifunga mwenyewe nikiwa na miaka kumi na miwili, nikiwa nimesimama kwenye jua kali chini ya ngazi ya ndege.

Tulikuwa Mnero, nyumbani kwa Bibi, wiki ya kwanza baada ya kumzika. Wadogo zangu wawili walikuwa nje wakipiga soga na wageni. Mimi nilikaa sakafuni na lile fundo mkononi, nikawa sitaki kulifungua upesi.

Wadogo zangu ni pacha, Hassan na Hussein. Baba alifariki wakiwa bado tumboni. Mama akamfuata wakiwa na miezi minne. Mimi nilikuwa darasa la tano. Hakuna aliyeniambia niache shule. Asubuhi moja Hassan alikuwa na homa, kesho yake ikawa zamu ya Hussein, na ilipofika wiki ya tatu nilikuta Bibi ametumia daftari langu kufunikia sufuria ya uji. Sikumkasirikia. Uji ulikuwa unahitaji kifuniko.

Bibi alinifundisha kubeba. Watu wa siku hizi wanadhani kubeba mtoto ni kumfunga tu. Kuna mkono unaoshika shingo na kuna mkono unaoshika makalio, na kuna namna ya kuinama ili mtoto asishtuke. Bibi hakuwa na sifa nyingi kwa watu. Angeweza kumwona mtu amejenga nyumba ya bati na asiseme kitu. Sifa yake kubwa kuliko zote ilikuwa moja: "Huyu anajua kubeba." Ilinichukua miezi mingi kuipata.

Jambo jingine alilotufundisha ni kwamba pacha hawahesabiwi. Ukimlisha mmoja kijiko, cha pili ni cha mwenzake. Maji ya kuoga yanakuwa beseni moja. Na mtu akiuliza una watoto wangapi ndani, pacha unawataja kama mtoto mmoja. Niliwahi kumuuliza kwa nini. Alikuwa anapepeta mtama, hakuinua macho.

"Ukisema wawili," akasema, "mmoja atasikia kwamba anaweza kuondoka peke yake."

Nililiamini neno hilo kama nilivyoamini kwamba moto unaunguza.

Siku ya arobaini ya mama ndiyo iliyonifanya niogope karatasi. Wenzangu mliofiwa mkiwa wadogo mtakumbuka jinsi watu wanavyokuwa wema siku hiyo, wema unaochoma. Chakula kilipoiva, sauti ilitoka uani: "Yatima watangulie!" Tukapitishwa mbele ya watu wote, mimi na Hussein mgongoni na Hassan kiunoni, hadi kwenye sinia la kwanza la pilau. Kila jicho lilikuwa juu yetu. Nyama ilikuwa nyingi, na sikuweza kuimeza.

Baada ya kula, wazee walikaa mkekani, na baba mdogo akatoa daftari. Aliandika kwa utulivu, kwa mwandiko wa kulala: Hassan, Likunja, kwa mama mkubwa. Hussein, Mkotokuyana, kwa baba mdogo. Mimi, Mnero, kwa Bibi. Nilikuwa nyuma yao nikiosha masinia, na nilisoma juu ya bega lake. Mistari mitatu tu. Nilishangaa kwamba mistari mitatu inatosha.

Watani nao walikuwa wamefanya yao tangu siku ya maziko. Kwetu Wamwera, mtani ndiye anayekuja kuwachekesha wafiwa. Analala kaburini kabla ya marehemu, anavaa gauni la marehemu, anachukua kitu cha marehemu na kusema hakirudishi mpaka akombolewe. Mtani mmoja Mmakonde alichukua ungo wa mama, akauvaa kichwani kama kofia, akaondoka nao akiimba. Watu wazima walicheka. Mimi niliungoja ule ungo. Haukurudi.

Mjomba alifika wazee wakiwa karibu kuinuka. Alitoka Likunja kwa baiskeli, upande wa Ruangwa, na vumbi lilikuwa limempaka nyusi nyekundu. Alikuwa kaka pekee wa mama, mtoto wa Bibi, mkulima wa ufuta, mtu mfupi, mpole, mwenye sauti inayokulazimisha usogee ili umsikie. Na kwetu mjomba ndiye msemaji wa watoto wa dada yake. Aliomba daftari, akalisoma kwa muda mrefu.

"Nani kaandika?"

"Mimi, shemeji," akasema baba mdogo.

"Una hati nzuri sana. Sasa ongeza mstari wa chini: mjomba wao kakataa."

"Shemeji, watoto watatu kwa bibi mmoja mzee?"

"Hawa siyo ufuta, kwamba tuwagawe debe kwa debe. Watakaa kwa mama yangu hapa, pamoja. Chakula nitaleta mimi."

Na alileta. Kila mvua na kila kiangazi, ile baiskeli na lile gunia. Sijawahi kumsikia akiitaja ahadi yake tena.

Sasa, Hassan. Alipolia, midomo yake ilikuwa inageuka rangi ya zambarau. Alipokaribia mwaka na nusu, Hussein alikuwa anatembea na kuanguka na kucheka, lakini Hassan alikuwa anakaa akimtazama, akihema kama mzee aliyepanda mlima. Daktari akasema ana tundu kwenye moyo. Kulikuwa na madaktari wageni wanaokuja hospitali moja Dar es Salaam kwa siku chache, na Hassan alipata nafasi. Tarehe iliandikwa kwenye barua. Akikosa siku hiyo angerudi nyuma ya foleni, na daktari alipomwambia Mjomba neno foleni hakumtazama usoni.

Mvua za mwaka ule zilikata barabara ya Dar. Mabasi yalisimama. Nyie wa rika langu mnaikumbuka barabara ile ilivyokuwa, hata bila mvua. Watu wa msikitini na watu wa kanisani wakachanga pamoja ili tupande ndege kutoka Mtwara. Bibi alisema pacha wote waende. Hatukubishana naye, na Hassan mwenyewe hakulala bila mguu wa mwenzake kumgusa. Mimi nilikwenda kwa sababu wote wawili waliyajua mapaja yangu tu.

Mjomba alikwenda kwa wakala wa tiketi Nachingwea mjini. Wakala alimuuliza: watu wazima wangapi, watoto wangapi, wachanga wangapi? Mjomba akajibu kama Bibi alivyomlea.

"Mtu mzima mmoja, mtoto mmoja, mchanga mmoja."

Ndivyo tulivyoandikwa. Na ndivyo tulivyofika Mtwara kwa gari la mizigo kupitia Masasi, Mjomba amevaa koti la mtu mwingine, Hassan kifuani pake, Hussein mgongoni kwangu.

Kaunta ilikuwa ya mbao, na nyuma yake alikuwapo dada mmoja aliyevaa sare, nywele amezibana nyuma. Alikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia mtu wa ndege awe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Alisoma tiketi. Akatutazama. Akasoma tena.

"Mchanga ni huyu uliyembeba?"

"Ndiye."

"Na huyo wa mgongoni kwa binti?"

"Huyo pacha wake."

"Naona ni pacha, baba. Lakini ni wawili."

Mjomba aliinama juu ya kaunta, akashusha sauti. "Usiwahesabu, mwanangu. Kwetu hawahesabiwi."

Yule dada hakucheka. Mpaka leo namheshimu kwa hilo. Alishusha sauti yake pia, ikalingana na ya Mjomba.

"Baba, ndege inahesabu."

Akatueleza polepole. Mtoto wa chini ya miaka miwili hana kiti chake, anakaa kwenye mapaja ya mtu mzima. Mtu mzima mmoja anaruhusiwa mchanga mmoja, basi. Wachanga wawili wanataka watu wazima wawili, na hata hao hawakai safu moja, kwa sababu juu ya kila safu kuna vikombe vya kuvutia hewa vya dharura, na cha ziada ni kimoja tu.

"Nitamshika mimi," nikasema.

"Una miaka mingapi, mdogo wangu?"

"Kumi na miwili."

"Bado hujafikia umri."

"Nawabeba kila siku. Wote. Mmoja mbele, mmoja nyuma."

"Najua."

"Hujui."

"Adabu!" Mjomba akanigeukia.

"Mwache, baba, kasema kweli, sijui." Alitoka nyuma ya kaunta, akachuchumaa mbele yangu, sare yake ikagusa vumbi la sakafu. "Sikiliza. Ndege ikishtuka kule juu, mtoto anakuwa mzito kama gunia. Mikono yako itamwachilia, bila wewe kutaka. Sikukatazi eti kwa sababu hujui kubeba."

Lile neno kubeba nililijua. Nilihisi kama Bibi ndiye aliyesema.

"Kwa hiyo mmoja abaki?" akauliza Mjomba. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, lakini mkono uliomshika Hassan ulipanda ukamfunika kichwa. Hatukuwa na ndugu wala jirani Mtwara. Kurudi wote kulikuwa na maana ya kuikosa ile tarehe. Na Hassan akienda peke yake na Mjomba, basi Bibi alikuwa amekwisha kutuambia nini hutokea kwa pacha anayesikia kwamba anaweza kuondoka.

Yule dada alisoma barua ya daktari. Aliisoma mpaka mwisho, na aliporudisha macho juu alikuwa amekwisha kuamua. Hakuivunja sheria yake, wala hakuiacha ituvunje sisi. Alikwenda mbele ya abiria waliokaa kwenye mabenchi, akasimama.

"Jamani, samahani. Kuna mtoto anakwenda hospitali, ana pacha mwenzake, na mtu mzima ni mmoja. Natafuta mtu anayesafiri peke yake akae na mmoja kwenye mapaja hadi Dar. Ni mwendo wa saa moja."

Mzee mmoja akaanza kutafuta kitu kwenye mfuko wake ambacho sidhani alikuwa amekipoteza. Kijana wa tai akatazama dirishani. Halafu sauti nene ikatoka benchi la nyuma.

"Mtoto wa kabila gani huyo?"

Alikuwa mama mnene wa makamo, amejifunga vitenge viwili vya aina moja, miwani imefungwa kamba shingoni.

"Mmwera," akasema Mjomba.

"Mmwera! Mimi Mmakonde wa Newala nimbebe Mmwera? Kiyama kimefika."

Watu wakaanza kucheka. Nikaona mabega ya Mjomba yakilegea kwa mara ya kwanza siku ile.

"Kama huwezi sema huwezi, Mmakonde wewe. Tunajua mikono yenu imezoea kushika vinyago, mtoto anayepumua utamweza?"

"Namweza na wewe nakuweza, ukiwa na hilo koti lako la kuazima."

"Nani kakwambia la kuazima?"

"Mikono ya koti inaongea, mtani. Imekuja kabla yako."

Sasa kila mtu alikuwa anacheka, hata yule wa tai. Yule mama akainuka, akaja hadi kwangu, akanyoosha mikono.

"Mlete. Nilishafunga uzazi mwaka juzi, leo Mungu kanipa Mmwera wa bure. Simrudishi huyu, nawaambia mapema."

Kicheko kikazidi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nauona ungo wa mama ukiondoka juu ya kichwa cha mtu anayeimba.

Dada wa kaunta akachukua kikaratasi, akaandika kwa kalamu ya bluu. Nilisimama kwa vidole vya miguu ili nione. Juu aliandika jina la yule mama. Chini yake aliandika: Hussein. Mistari miwili.

"Haya," akamwambia yule mama, "mtoto sasa yupo kwako. Karatasi hii uwe nayo mpaka ushuke."

Nilimtazama Mjomba. Nilingoja aombe kalamu na kuongeza mstari wa chini. Hakuomba. Alikuwa anamshukuru yule dada kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa na maji. Nikaelewa kwamba safari hii hata Mjomba amekubali. Kwamba hiyo ndiyo bei ya moyo wa Hassan, na watu wazima wote wamekwisha kupatana, isipokuwa hawataki kuniambia.

Niliomba nimfunge Hussein mbeleko kabla hajachukuliwa. Nilimfunga kifuani kwa yule mama, nikaikaza sana, ili popote atakapokwenda awe na kitu chetu.

Halafu yule dada akasimama mlangoni, akaita: "Abiria wenye watoto wadogo watangulie!"

Nilihisi uso unawaka. Niliijua sauti hiyo. Nilidhani wametutambua, wamejua kwamba hatuna baba wala mama, na sasa tutapitishwa tena mbele ya watu kwenda kwenye sinia la kwanza. Nilitaka kurudi nyuma ya mstari. Lakini tulipotoka kwenye jua niliona tulioitwa hatuko peke yetu. Kulikuwa na mwanamume wa suti aliyebeba kibinti chenye mikufu ya dhahabu. Kulikuwa na mama mmoja na mumewe, wote wazima kabisa, wanasukumana na kitoto chao kitukutu. Wametangulia pamoja nasi, na hakuna aliyewatazama kwa huruma. Nikatembea kwenye ule uwanja nikilifikiria jambo hilo. Palikuwa na mahali duniani ambapo mtu anatangulizwa kwa sababu ya walio hai aliowabeba, wala hakuna anayeuliza waliokufa. Hata katika hofu niliyokuwa nayo, niliona kwamba aliyeitunga sheria ile alikuwa mtu mwenye akili.

Ndani, mhudumu wa ndege alimwambia yule mama afungue mbeleko, kwa sababu mtoto hafungwi kwa nguo. Akaleta mkanda mfupi, akaupitisha kwenye mkanda wa yule mama, akamzungushia Hussein tumboni. Akafanya hivyo hivyo kwa Mjomba na Hassan. Mbeleko nikarudishiwa mimi. Niliipokea nikaona ndiyo basi, hata ile nguo imekataliwa.

Yule mama alikaa safu mbili mbele yetu. Mhudumu alipita na sinia la pipi, akasema tunyonye ili masikio yasiume. Yangu sikuifungua. Niliifumbata nikiwaza kwamba kama nitapata nafasi ya kuagana na Hussein, nitampa. Sikumbuki mawingu. Wenzangu huniuliza, ulipanda ndege ukiwa mtoto, ulionaje? Nakumbuka kipande cha kichwa cha Hussein kati ya viti viwili, na mkono wa yule mama. Kidole gumba kilikuwa nyuma ya sikio lake, vidole vingine vimeipokea shingo. Ndege ilipotikisika, mkono ule haukukaza, ulijaa tu shingoni pake. Hussein hakulia. Alitazama miwani ya yule mama, akaishika, akalala. Kwamba hakulia ndicho kilichoniuma kuliko vyote.

Tulipotua, nilidhani tuliotangulia kupanda ndio watakaotangulia kushuka. Kumbe haiko hivyo. Safu za mbele zilisimama, njia ikajaa mifuko na viwiliwili, na nikaona vile vitenge vinainuka, vinageuka, vinaelekea mlangoni na mdogo wangu begani.

Nilipita chini ya mikono ya watu. Nilimkanyaga mtu, akanitukana. Mjomba aliita jina langu nyuma, nikasikia na sikugeuka. Niliteremka zile ngazi mbili mbili, nikamshika yule mama kitenge, nikapiga kelele mbele ya watu wote.

"Huyo ni wetu! Mrudishe! Huyo ni wetu!"

Alisimama. Watu waliotuzunguka wakaanza kucheka, akawatazama, wakaacha.

"Kwani nani kasema siyo wenu, bibie?"

"Wewe. Ulisema humrudishi. Na karatasi imeandikwa." Nilikuwa nalia sasa, kamasi na machozi. "Watani wakichukua hawarudishi. Ungo wa mama hawakuurudisha."

Nimewahi kuona watu wazima wengi wakikosa la kusema mbele ya mtoto. Kwa kawaida hutabasamu, au humwita mzazi. Yule mama hakufanya hivyo. Uso wake uliacha mzaha wote. Alikaa pale pale kwenye ngazi ya mwisho, uzito wake wote, watu wakawa wanapita pembeni, mpaka macho yake yakawa sawa na yangu.

"Mama yako ndiye aliyekufa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Pole, mwanangu. Sikujua, ningefunga mdomo wangu. Sasa nisikilize, nakwambia kama mtani. Ungo ulikuwa wa marehemu. Huyu ni mzima, anapumua. Watani hatuchukui kinachopumua. Umeelewa?"

"Na karatasi?"

Aliingiza mkono kwenye mkoba, akaitoa, akaniwekea kiganjani.

"Hii hapa. Kaa nayo wewe. Mwenye karatasi ndiye mwenye mtoto, siyo ndivyo unavyoona? Basi." Kisha kona ya mdomo wake ikacheza kidogo. "Lakini mtani harudishi bure. Nikomboe."

Nilifumbua kiganja kingine. Pipi ilikuwa imelainika kwa jasho, karatasi yake imegandamana nayo. Aliichukua kwa mikono miwili kama mtu anayepokea kitu kikubwa, akaibandua, akaila pale pale mbele yangu mpaka ikaisha. Halafu akanigeuza, akanilaza Hussein mgongoni, akamfunga mbeleko mwenyewe. Hakumwamsha. Kile kikaratasi nikakifunga fundo kwenye pembe ya mbeleko, pale pale chini ya ngazi.

Mjomba alikuwa amefika, Hassan kifuani, anahema. "Umeniaibisha," akaniambia. Halafu akaniona uso, akanishika bega. Usiku ule, tulikofikia, alitaka kujua kila kitu, na nikamweleza. Mwishowe akasema, "Ungeniuliza." Nikamwambia nilimwona analia kwenye kaunta. Akafuta uso kwa mkono wa lile koti. "Nililia kwa kuwa walikuwa wanakwenda wote," akasema.

Hassan alifunguliwa kifua siku iliyoandikwa. Ana kovu refu kama zipu, na siku hizi anabeba magunia ya korosho ghalani na kutukana kama wenzake. Tulirudi kwa basi barabara ilipofunguka. Bibi alitupokea mlangoni, akawapapasa pacha mmoja mmoja.

"Ndege iliwahesabu?" akamuuliza Mjomba.

"Iliwahesabu, mama."

"Wangapi?"

"Wawili."

"Na imerudisha wangapi?"

Mjomba akasita, maana kulijibu swali hilo kwa Bibi si mchezo. "Mmoja," akasema. Bibi akaridhika, akaenda kuteka maji.

Mbeleko aliichukua siku ile ile kuifua. Aliliona fundo, akaniangalia, akalifua na kulianika bila kulifungua. Hakuniuliza mpaka amekufa.

Juzi nikalifungua, basi. Kikaratasi kilikuwa kimekuwa kitu kama ganda la kitunguu. Nilikwenda nacho mlangoni kwenye mwanga. Nataka niseme ukweli: nikiwa mtoto sikuwahi kulisoma jina la yule mama. Nilikuwa namwogopa mtu aliyeandikwa juu ya mdogo wangu. Nilifunga fundo bila kusoma, na miaka yote hii nimekuwa nikijiambia kwamba jina lipo, siku nikilitaka nitalipata.

Nilimwita Hussein, macho yake ni mazuri kuliko yangu. Alikuja na binti yake begani, wa miezi saba.

"Soma hapa juu."

Akaigeuza kwenye jua, akaisogeza, akaikunjua kwa ukucha. "Hakuna kitu, dada."

"Juu kabisa. Jina la mtu."

"Imefutika yote. Karatasi ya nini hii?"

Nikamweleza. Hakuwa ameisikia habari hiyo, maana hatukuwa watu wa kusimulia. Alisikiliza akimpigapiga mtoto mgongoni, na nilipofika kwenye pipi akacheka kidogo, halafu akaacha.

"Mimi nililia?" akauliza.

"Hukulia. Ulilala njia nzima, na alipokurudisha hukuamka."

Akaitazama tena ile karatasi tupu, kisha akanirudishia.

"Basi alijua kubeba," akasema.

Nilirudisha karatasi kwenye pembe ya mbeleko, nikafunga. Mbeleko nimempa mke wa Hussein. Aliniuliza hili fundo ni la nini, nikamwambia alifue hivyo hivyo.